Nilivyompigia Besi Mzee Oduor Akijisifu

Leo nimefedheheka. Nimefedheheka saa tisa alasiri, jua likiwaka, nikiwa nimevaa suti na tai, mbele ya watu wasiopungua hamsini na mbuzi wawili. Ninawaandikia jioni hii hii, ndugu zangu tuliostaafu pamoja, kwa sababu nimekuta kisa chenyewe kimefika Kawangware kabla yangu, na fundi wa viatu hapa Gatina anawasimulia wateja kwamba nilipigwa. Sikupigwa. Nilikatiwa umeme tu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na naomba kila moja liwekwe mahali pake.

Kwa faida ya wale ambao hawakujua (na niliwaficha kwa makusudi), mimi hujifunza kupiga gitaa la besi. Huu ni mwezi wa nane. Mwalimu wangu ni mpangaji wangu, Omondi, kijana kutoka kando ya Ziwa. Usiku hufanya kazi kiwandani, na mwisho wa juma hupiga besi katika bendi ya watu watatu. Chumba chake kimepakana na sebule yangu. Nilipostaafu niligundua kwamba mtu anayeshinda nyumbani husikia mengi kupitia ukutani, na nililolisikia mimi ni ile sauti ya chini. Dum, du-dum, dum. Vikombe vilitetemeka kabatini. Mke wangu, Mama Wambui, aliniagiza niende nikamkaripie. Nilikwenda kumkaripia. Nilirudi baada ya saa mbili, vidole vikiwaka moto, nikizijua nyuzi zote nne kwa majina.

Watu wengi husikiliza lile gitaa la juu, linalolia kama ndege aliyeona nyoka. Mimi sikuwahi kulitamani. Besi ndiyo masjala ya bendi: haionekani, haishukuriwi, lakini ikifungwa kwa dakika moja ofisi nzima haijui iende wapi. Mtu aliyetunza mafaili ya Serikali miaka thelathini na moja hahitaji kuelezwa zaidi.

Nilitofautiana na mwalimu wangu katika jambo moja tu. Yeye hupiga kwa kusikia. Mimi huandika. Kila wimbo nimeufungulia faili lake: uzi upi, kidole kipi, marudio mangapi.

"Mzee, muziki haiko kwa karatasi," huniambia.

"Kila kitu kiko kwenye karatasi," humjibu. "Kisichoandikwa hakijatokea."

(Leo nimejifunza kwamba yapo yanayotokea.)

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Omondi anataka kumwoa Akinyi. Akinyi amelelewa hapa Nairobi na baba yake mkubwa, Mzee Oduor wa Kibera, na baba mzazi ameleta salamu kutoka nyumbani kwamba akisema Oduor, amesema yeye. Leo ndiyo iliyokuwa siku ya Mzee Oduor kutoa neno lake, ndiyo au la. Kwa kuwa Omondi hana mzee wa ukoo hapa mjini, aliniomba nikae upande wake kama mzazi. Nilikubali kwa heshima kubwa. Ndipo likazuka tatizo. Mzee Oduor hapokei wageni bila muziki, na alikwisha kuiagiza bendi ya Omondi yenyewe. Mchumba aliyekuja kuomba mke hawezi kukaa mbele ya wakwe akiwa amejining'iniza gitaa. Nani apige besi?

Omondi alinitazama. Wafula, yule mpiga gitaa la juu, alitazama dari.

"Mzee anajua nyimbo mbili," Omondi alisema.

"Moja na nusu," Wafula alisema.

Kwa kumbukumbu, ni mbili.

Kisha Omondi akanipa agizo moja, nami nalieleza kwa ukamilifu kwa sababu hapo ndipo fedheha yote ilipozaliwa. Kwa desturi ya kwao, muziki ukikolea, mtu anaweza kusimama akainua mkono, na bendi nzima ikanyamaza papo hapo. Hapo hujisifu: jina lake, kwao, fahali wake, mwendo wake, hata koti lake. Jambo hilo huitwa pakruok. Akimaliza, ala hurudi kwa kishindo na yeye hucheza. Mzee Oduor ni bingwa wa pakruok.

"Huyo mzee hawezi kutoa neno ya maana akiwa amekaa," Omondi aliniambia. "Atasimamisha muziki, ajisifu kwanza, halafu ndio aseme kama amenikubali. Kwa hivyo tafadhali, mzee. Ukiona Wafula amenyamaza, na wewe nyamaza."

Niliandika. Niliandika nyuma ya karatasi ya wimbo wa pili, kwa wino mwekundu, na kulipigia agizo hilo mstari.

Leo asubuhi nilipotoka chumbani na suti yangu nyeusi, Mama Wambui alinikagua kuanzia viatu mpaka tai.

"Unaenda kuposa ama kuzika?"

"Ninakwenda kupiga muziki."

"Haya basi, ni kuzika." Akanipa vipande viwili vya pamba. "Weka hizi kwa masikio. Wewe na miaka yako, na hizo spika, utarudi ukiwa kiziwi nianze kukuitia chakula kwa filimbi."

Nilizitia mfukoni. (Si kila uovu huingia nyumbani kwa nia mbaya.)

Tulikwenda kwa miguu, spika na betri ya gari zikiwa juu ya mkokoteni, mimi nikiwa nimebeba besi iliyofungwa katika shuka. Tulipovuka Barabara ya Ngong, vijana waliokaa kando walipaza sauti: "Mzee, hiyo ni gitaa ama unahama?" Omondi hata hakusikia. Alikuwa amepiga pasi shati lake mara tatu, na jasho lilikuwa limekwisha kulikunja upya.

"Mzee, na akikataa?"

"Hatakataa."

"Lakini akikataa?"

"Tutakata rufaa."

"Kwa nani?"

Kwa kweli juu ya Mzee Oduor hakuna mahakama nyingine.

Tulifika Makina, huko Kibera, kabla ya saa nane. Nyumba ya Mzee Oduor iko nyuma ya msikiti, ya udongo na mabati, na ua uliofagiwa mpaka unang'aa. Yeye mwenyewe ni mtu mkubwa, na leo alivaa koti la mistari na kofia yenye unyoya. Alinishika mkono akautikisa kama anayepima kama umefungwa vizuri.

"Karibu, landilodi! Wewe ndio unakaa na huyu kijana?"

"Ndiye mpangaji wangu."

"Anakusumbua?"

"Naomba nilijibu hilo wakati wake ukifika, kwa utaratibu."

Alicheka, akanipeleka uani. Tulipanga vyombo. Hapo nikaona kwamba hapakuwa na mahali pa kuwekea faili langu. Nikaomba msumari. Ulipatikana, ukapigiliwa ukutani, nami nikatundika karatasi yangu usawa wa macho. Ilikuwa kazi safi. Ila ilinilazimu kusimama nikiutazama ukuta.

"Mzee," Wafula aliuliza, "utapatia watu mgongo?"

"Masjala haitazamani na umma," nilimjibu.

Spika ilikuwa hatua moja tu kutoka sikio langu la kushoto. Nikakumbuka pamba. Nikaziba yote mawili.

Wimbo wa kwanza, ndugu zangu, ulikwenda vizuri mno. Nataka hili liandikwe, kwa kuwa katika masimulizi ya fundi wa viatu halimo. Niliugusa uzi mnene, na mabati ya nyumba yakaitikia. Niliigusa ardhi yenyewe! Akina mama walianza kucheza kabla Wafula hajafika mahali pake pa kujionyesha. Nikageuza shingo kidogo nikamwona Omondi amekaa katikati ya wazee, mikono magotini, uso wa ibada, lakini mguu wa kulia ukinifuata, dum, du-dum, dum. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu siku niliyothibitishwa kazini.

Tukaingia wimbo wa pili. Huu una marudio arobaini na nane. Mimi huyahesabu kimoyomoyo, ili nisipotee. (Mtu mwenye pamba masikioni hajui tofauti kati ya kimoyomoyo na kupayuka.)

Yanayofuata sikuyasikia. Nimeyakusanya kwa Wafula na kwa mashahidi wengine watatu, na maelezo yao yanalingana.

Nilipofika rudio la thelathini na moja, Mzee Oduor alisimama. Aliinua mkono. Wafula alinyamaza. Mpiga ngoma alinyamaza. Ua mzima ulinyamaza, hata mbuzi. Akinyi alitoka jikoni na sinia mkononi, akasimama mlangoni kusikiliza neno la maisha yake. Mzee Oduor alijaza kifua.

"Mimi Oduor!"

Dum, du-dum, dum. "Thelathini na mbili!" ukuta ukajibu.

Watu walidhani ni mtindo mpya. Mzee Oduor alisubiri kidogo, akaendelea.

"Mimi mwenye nikipita Kibera mbwa wananyamaza!"

"Thelathini na tatu!"

"Nikifungua mdomo hakuna mtu anaongea!"

"Thelathini na nne!"

"Huyo anahesabu ng'ombe za mahari!" alisema mke wa Mzee Oduor, mama mwenye kilemba cha manjano. "Mwacheni! Asikatizwe, amefika pazuri!"

Kicheko kikaanza pembeni. Omondi hakuweza kusimama, kwani mkwe hasimami mzee akiwa amesimama, basi akaanza kukohoa ili nigeuke. Alikohoa mpaka akaletewa maji. Wafula alininyoshea mguu akanipiga teke la kisigino. Hilo nililipata. Nililitafsiri kuwa ninachelewesha mwendo. Nikaongeza kasi.

"Baba yangu alikuwa..." alisema Mzee Oduor.

"Thelathini na tano!"

"Nasema baba yangu..."

"Thelathini na sita!"

"Nani ameleta huyu mtu wa ukuta?"

Niliendelea. Nilikuwa katika raha isiyo na mpaka. Nilifika thelathini na nane, na hapo mama wa kilemba cha manjano akapita nyuma yangu, akainama penye betri, akang'oa waya.

Besi ilikufa mkononi mwangu. Nikadhani uzi umekatika. Na kwa kuwa mtumishi mwaminifu haachi kazi katikati kwa sababu ya kifaa, katika ukimya ambao Wafula anasema ungesikia chumvi ikiyeyuka, nilitangaza kwa sauti kamili:

"THELATHINI NA TISA!"

Kisha nikageuka.

Watu wote walikuwa wakinitazama. Mkono wa Mzee Oduor ulikuwa bado hewani, umesahauliwa huko. Nikatoa pamba, moja, kisha ya pili, polepole, kana kwamba kuna njia ya heshima ya kutoa pamba sikioni mbele ya wakwe.

"Inaonekana kuna hitilafu ya umeme," nilisema.

(Hayo ndiyo maneno yangu kamili. Anayesema nililia anasema uongo.)

Nikageuza karatasi yangu pale kwenye msumari. Agizo lilikuwepo, jekundu, limepigiwa mstari, limeutazama ukuta alasiri nzima.

Mzee Oduor alishusha mkono. Hakunisemesha mimi. Alimsemesha Omondi, kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya mtu mkubwa hutisha kuliko ngurumo.

"Kijana. Huyu ndiye mzazi umeniletea?"

"Ndiye, baba."

"Nimeanza kujisifu nikiwa na ndevu tatu. Hata askari wa mkoloni alikuwa anangoja nimalize ndio anishike. Leo nimekatizwa kwangu, na upande wako." Akakaa. "Neno limekatika. Leo sisemi kitu."

Akinyi aliweka sinia chini. Omondi aliangalia viatu vyake. Ndugu zangu, nimewahi kuona watu wakinyimwa vyeo, wakinyimwa likizo, wakinyimwa hata viinua mgongo. Sijawahi kuona uso kama ule, na aliyeuleta ni mimi.

Nikapiga hatua mbele. "Naomba radhi rasmi, kwa niaba yangu na ya..."

"Radhi haijazi sifa!" alinikata mama wa kilemba cha manjano, waya bado mkononi. "Aliyeharibu ya mwenzake atoe yake. Ajisifu tuone!"

"Ajisifu! Ajisifu!" ua wote ukaitikia.

Wakanipokonya besi. Waya ukarudishwa kwa ajili ya Wafula, naye na mwenzake wakaanza. Nikaambiwa niinue mkono. Niliuinua kama mwanafunzi anayeomba kwenda nje. Muziki ukakatika papo hapo, pa! (Wenzangu walijua kazi yao. Nalikiri hilo.)

"Mimi," nilisema, "ni Karani Mkuu wa Masjala, mstaafu."

Mtu mmoja akapiga miayo.

"Ongeza moto, mzee!" Wafula alininong'oneza.

"Nilihudumu miaka thelathini na moja, chini ya bendera mbili! Sikuwahi kuchelewa kazini!"

Wakapiga makofi. Dhamiri ikanichoma.

"Isipokuwa mara mbili," nilisema.

Mtu mmoja akacheka. Nikaendelea kwa nguvu zaidi. "Sikuwahi kupoteza faili!" Makofi tena. "Isipokuwa moja. Lilipatikana." Nilitaka kuishia hapo, lakini nisingelala. "Sikulipata mimi."

Akina mama walikuwa wameshikana mabega.

"Fahali wako anaitwaje?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Sina fahali. Nina kuku saba." Nikafikiri. "Sita. Mmoja ni wa jirani."

Mzee Oduor alikuwa amejifunika kofia usoni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nami nikajua nimemfikisha kwenye machozi ya hasira, mambo yamekwisha. Akaishusha kofia. Yalikuwa machozi, ndiyo. Lakini si ya hasira.

"Simama hapo hapo, landilodi," alisema, akipangusa macho kwa kiganja. "Sasa msifu huyu kijana. Kwa mtindo huo huo. Usibadilishe kitu."

Niliirekebisha tai yangu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilipewa kazi niliyoisomea.

"Omondi amekaa kwangu miaka mitatu," nilianza. "Hanywi pombe."

"Isipokuwa?" walisema watu wote kwa pamoja.

"Isipokuwa Krismasi."

"Endelea!"

"Hana ugomvi na mtu."

"Isipokuwa?"

"Isipokuwa mara moja, juu ya kamba ya kuanikia nguo. Nilifanya uchunguzi mwenyewe. Kosa lilikuwa la mwenzake."

Omondi alikuwa ameficha uso kwa mikono miwili. Nikamtazama Akinyi pale mlangoni, naye hakuwa akicheka. Alikuwa akisubiri.

"Anampenda huyu binti," nilisema.

"Isipokuwa?" ua wote ukauliza.

Nilitafuta. Naapa nilitafuta kwa haki, kama nilivyokuwa nikitafuta nyaraka kabla ya kutia sahihi. Nilipekua miaka mitatu yote, zamu za usiku, mazoezi ya mchana, namna anavyokosea kupiga kila binti huyo anapopita dirishani.

"Hakuna isipokuwa," nilisema.

Mzee Oduor alisimama taratibu, akavaa kofia yake, akaupanga unyoya. Wafula akaweka kiganja juu ya nyuzi ili hata upepo usizilize.

"Mimi Oduor," alisema. "Nimesikia wazee wengi wakisifu vijana wao hapa. Wote walileta malaika. Huyu ameleta mtu. Mzee anayejishtaki mwenyewe mbele za watu, na kuku wake amemshtaki, huyo hawezi kunidanganya juu ya mtoto wangu." Akanyamaza kidogo, hata hapo alijua mahali pa kunyamaza. "Nimekubali."

Vigelegele vilivyopigwa sijui jinsi ya kuviandika. Akinyi aliokota sinia akarudi jikoni mbio, na kwa ndani tukasikia sinia likianguka. Omondi alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo kwa kawaida nisingeliruhusu kwa mpangaji.

"Lakini nina sharti moja," Mzee Oduor aliongeza, akininyoshea kidole. "Siku ya harusi, huyu mzee akae mbali na betri."

Niliomba umbali utajwe, ili kusiwe na utata baadaye.

"Betri ikiwa huku," alisema, "wewe uwe ng'ambo ya Ziwa."

Hiyo ndiyo taarifa kamili, nanyi mnaweza kumsomea fundi wa viatu. Sikuona haja ya kubishana na sharti hilo leo. Kesho asubuhi mwalimu anakuja kama kawaida, na nimekwisha kufungua faili la wimbo wa tatu. Ninachowaombeni ni kimoja tu: asicheke mtu. Mama Wambui amekwisha kucheka kwa niaba yenu nyote, na mpaka ninapoandika mstari huu bado hajamaliza.